Ukurasa wa Ndege Saba

4 Machi

Kinda, mdogo wangu,

Naanza na salamu, maana Mama akisikia nimeanza na shida atasema mji umeniharibu. Mimi mzima. Taya limeunga, ingawa nikipiga miayo linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Msomee Mama hapo pa "mzima", hayo ya taya yaruke. Muulize goti lake linaendeleaje, na umwambie foronya zake mbili ziko tayari, nimezitarizi mwenyewe.

Kazi nimepata kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Niko chumba cha pasi, wanawake kumi na mmoja na msimamizi mmoja tunayemwita Filimbi kwa jinsi anavyopumua. Mikono imekuwa myekundu mpaka viwikoni, lakini ni mvuke tu, mvuke hauna kinyongo na mtu. Chumba nimepanga nyuma ya karakana ya viatu, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, wa kijani. Unajua wewe peke yako. Simu niliitupa kwenye pipa la taka siku ile ile niliyoondoka, kwa hiyo tutaandikiana kama babu zetu.

Sasa la maana. Yule mtu ananitafuta. Amekwenda kwa shangazi, akamvunjia vyombo vya kabatini kimoja kimoja huku anamuuliza niko wapi. Shangazi alikuwa hajui, ndiyo salama yake. Wewe unajua, na atakuja kwako. Hatakuja amenuna. Atakuja anacheka, shati limenyooka, ana maneno matamu. Wewe ni mpole, tangu utotoni mlango ukibamizwa unaingia chini ya kitanda. Akija, hujui niliko. Hata akisema amebadilika. Hata akilia, maana miaka tisa niliyokaa naye alilia yeye kuliko mimi.

Safari hii akinipata hatavunja taya. Ataniua. Alishanionyesha nyundo.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Mama anakusalimu sana. Goti liko vile vile, linatabiri mvua kuliko redio. Pale pa "mzima" nimemsomea mara tatu, ya nne akanikatalia, akasema ninasoma kama mtu anayeficha kitu. Mimi pia mzima, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa gango. Ndiyo habari yenyewe.

Alikuja, anacheka kama ulivyosema. Alikata tiketi ya safari yetu ya boti ya nusu siku, ile bosi anayoiita matembezi ya kupumzisha roho: asubuhi kutazama ndege kwenye maji yaliyotulia, chai ukingoni, kisha maji makali kidogo, saa sita mchana mko ofisini mnakamua soksi. Alikuja na mdogo wake, yule asiyesema. Wageni wengine walikuwa wawili tu, mwalimu mstaafu na mkewe, wanaogombania darubini moja. Ningeweza kumkataa. Nilimwogopa, nikaona aibu mbele ya wageni, nikampa kasia.

Mwanzo ulikuwa mzuri, lazima niseme ukweli. Mto umelala, boti ya mpira inateleza yenyewe. Tuliona korongo, tukaona minandi wamefungua mabawa yakauke. Mdiria akapiga mbizi mbele yetu, akatoka na samaki, akamgongesha kwenye tawi mpaka akatulia. Mke wa mwalimu akasema, "Maskini." Yule mtu akacheka, akasema, "Ndivyo wanavyolainishwa, mama." Mimi nikaandika kwenye daftari, jina na saa, na pembeni nikachora mdiria. Unajua desturi yangu, kila mgeni huondoka na ukurasa wa ndege aliowaona.

Tuliposhuka kwa chai, mwalimu na mkewe walipanda kilima kumtazama tai kwenye kiota. Nilikuwa nimeinama nafungua chupa. Yule mtu alinipiga teke nyuma ya goti, nikaanguka kifudifudi kwenye mawe. Mdogo wake akanikalia mgongoni. Yule mtu akaushika mkono wangu wa kushoto, akaunyoosha juu ya jiwe bapa, akaokota jiwe jingine, akauliza uko wapi. Nikasema sijui. Akapiga kidole cha mwisho. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa. Nikasema sijui. Akapiga cha pili. Nilitapika pale pale. Mdogo wake akanisokomeza kofia yangu mdomoni nisipige kelele.

Sikusema kitu, Dada. Hilo ulijue.

Wageni waliporudi nikawaambia nimeteleza. Mke wa mwalimu akanifunga kwa leso. Mdogo wake yule alibaki pale, kuna barabara na gari kwa wasiotaka maji makali. Yeye mwenyewe akasema tiketi yake ni ya mpaka mwisho, akakaa nyuma karibu yangu.

Maji makali ya tatu tunayaita Kinu. Boti ilipanda jiwe, ikainama, yule mtu akatupwa nje. Jaketi lake la kuelea halikuwa limefungwa, likamvuka kichwani likaondoka peke yake. Nilimtupia kamba. Mwalimu na mkewe waliniona nikiitupa. Maji yakamchukua. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Bosi alinishika bega akasema nimefanya nililoweza. Mwili bado haujaonekana.

Kwa hiyo lala sasa. Ila hicho chumba chako ulisema kina unyevu. Kihame, tafuta chenye jua, hata wiki hii.

Kinda

20 Aprili

Kinda,

Salamu kwako na kwa Mama. Foronya nimezituma na basi, zimefungwa kwenye gazeti, mwambie asizifungue kwa meno. Filimbi ameumwa wiki nzima na sisi tumefanya kazi vizuri mno, sijui kama ameelewa.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa sakafuni. Nilicheka. Nakuambia bila haya, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikalia, si kwa ajili yake, kwa ajili ya vidole vyako. Vidole hivyo nilivikata kucha mimi ulipokuwa mdogo.

Baadaye nikaisoma tena polepole, na sasa nina maswali.

La kwanza, sikukuambia kwamba chumba kina unyevu. Chumba kina jua mpaka linakera. Kwa nini nihame kama mtu amekufa na wewe hukusema kitu?

La pili, miaka sita uko mtoni. Siku uliyonipandisha boti yako ulivuta mkanda wa jaketi langu mpaka nikakosa pumzi, ukaenda kwa mwingine ukavuta, ukarudi kwangu ukavuta tena. Ulisema hata waziri akipanda utamvuta. Leo mtu anakaa ubavuni pako na jaketi wazi?

La tatu, kamba uliitupa. Aliishika au hakuishika? Barua nzima umeniambia hata mlio wa kidole, hapo umeruka.

Sikulaumu. Nataka kujua tu ninalala na nini.

Dada

2 Juni

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mama alipata homa, nikawa naye. Sasa anakula. Foronya anazo, amekataa kuzilalia, amezitundika ukutani.

Mwili wa yule mtu umepatikana mwezi uliopita kwenye wavu wa mitambo ya maji, mbali kule chini. Wamemtambua kwa mkanda wa suruali. Nilikwenda mazishini kwa sababu bosi alisema ni heshima. Mdogo wake alinitazama mwanzo mpaka mwisho. Mamaye alinikumbatia, akanishukuru kwa kumtupia mwanawe kamba.

Mtoni kumejaa. Tai wale wamelea kifaranga mmoja, ameanza kuruka, kila akitua anaanguka kidogo. Wageni wanampenda. Vidole vimeunga vikiwa vimepinda, kasia nalishika kwa namna mpya, wenzangu wananiita Kaa.

Maswali yako nimeyasoma. Nitayajibu siku nyingine. Nakuomba uhame. Usiniulize sababu, hama tu. Nakusihi kwa jina la Mama.

Kinda

25 Juni

Kinda,

Mama usimsomee hii.

Barua yako ya pili ya kuniambia nihame ilifika Jumanne. Jumapili iliyotangulia mdogo wake alikuwa ameshafika.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa napiga pasi sare zangu za wiki, mlango wazi kwa ajili ya joto. Nikaona kivuli, nikadhani ni fundi viatu. Nikainua macho. Alikuwa na nyundo. Ile ile, Kinda, yenye mpini uliofungwa waya. Hakusema neno hata siku hiyo. Alifunga mlango kwa kisigino na kunijia.

Pigo la kwanza lilinipata hapa kwenye bega, mkono ukafa. La pili lilipasua meza. La tatu sikulisubiri. Pasi ilikuwa mkono wa kulia, nikamwekea usoni na kusukuma. Nilimsikia akiungua. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake maishani. Aliangusha nyundo, akanishika shingo, nikamwekea tena, kwenye jicho, na sikuitoa. Miaka tisa yote nilikuwa nimeibana, siku ile iliingia kwenye mkono mmoja. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akaufungua kwa kupapasa, akatoka, akavingirika ngazi zote mpaka mbele ya karakana. Mafundi viatu walinikuta juu ya ngazi bado nimeshika pasi, waya unaning'inia.

Hakufa. Jicho moja limekwenda na uti wa mgongo umeumia. Wakili wao anasema alikuja kwa amani kuzungumza mambo ya marehemu, mimi nikamchoma. Nyundo? Wanasema ni ya karakana, nyundo kule chini zimejaa. Niko nje kwa dhamana, kila Jumatatu nakwenda kituoni kutia sahihi. Kesi ni tarehe 30 Julai.

Unajua ushahidi wao mkubwa ni nini? Karatasi iliyokuwa mfukoni mwake. Afisa aliniwekea mezani. Upande mmoja kuna ndege saba na saa walizoonekana, na pembeni mdiria aliyechorwa vizuri, mpaka na kisharubu cha samaki mdomoni. Upande wa pili kuna karakana ya viatu, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, wa kijani. Wakili wao anasema ndugu yangu wa damu ndiye aliyewaelekeza kwa moyo mweupe, maana mtu anayelazimishwa hachori ndege.

Mwandiko wako naujua kuliko wangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika.

Niambie sasa. Na usiniletee habari za kifaranga cha tai.

Dada

6 Julai

Dada,

Sina salamu. Sistahili kukusalimu.

Nilisema. Kidole cha kwanza nilinyamaza, cha pili nilinyamaza, alipoinua jiwe kwa cha tatu nikatikisa kichwa kukubali. Akanitoa kofia mdomoni, akafungua daftari langu kwenye ukurasa wa siku ile, akageuza nyuma, akanipa kalamu. Mkono wa kulia alikuwa ameuacha mzima kwa kusudi. Mdiria nilikuwa nimeshamchora asubuhi, upande wa pili. Niliandika vizuri, Dada, kwa sababu aliniambia nisipoandika vizuri tutaanza upya. Alichana karatasi akampa mdogo wake aondoke nayo kwa gari. Yeye akapanda boti ili anichunge nisikimbilie kukuonya.

Kabla ya kushuka maji makali nilipita nikivuta mikanda. Nikavuta ya mwalimu, nikavuta ya mkewe. Mkono wangu ulifika kifuani pake, akanitabasamia. Nikaurudisha.

Kwenye Kinu alitoka. Nikamtupia kamba kwa sababu mikono yangu imezoea, haikuniuliza. Aliishika. Nikamvuta mpaka ubavuni, akakamata kamba ya pembeni ya boti, kichwa kiko nje, anakohoa. Mwalimu na mkewe walikuwa mbele wamejikunyata, wameshanipa mgongo. Nikamwambia, "Mwambie mdogo wako arudishe karatasi." Akasema, "Ameshakwenda. Dada yako anatembea tu, alishakufa."

Nikachukua kasia nikampiga vidole. Cha mwisho, kisha kinachofuata. Cha kwanza alishikilia, cha pili akanitazama. Nikampiga cha tatu. Sikupiga kwa kichaa, nilichagua. Akaachia. Nikakunja kamba vizuri, nikairudisha kwenye mfuko wake.

Nilidhani mdogo wake bila yeye si kitu. Nilidhani nikikwambia uhame utahama, na hutajua kwamba nilikuuza kwa kidole kimoja. Niliona aibu hiyo ni kubwa kuliko hatari. Hapo ndipo nilipokosea, na bega lako ndilo lililolipa.

Nikija kusema mahakamani jinsi karatasi ilivyoandikwa, wataniuliza kilichofuata. Siwezi kusema nusu, nimejaribu mbele ya kioo. Niambie nije au nisije.

Kinda

17 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Nazirudisha, zile ulizoziacha. Nisalimie Mama, mwambie nimenenepa.

Barua yako nilitaka kuichoma. Pasi ilikuwa tayari, mkono ukakataa. Nimeishonea ndani ya pindo la gauni langu la kazi, inanikwaruza nikikaa.

Hukuniuza. Vidole viwili ulinyamaza, wewe uliyekuwa unajificha chini ya kitanda. Mimi kwa kofi la kwanza la yule mtu nilisema kila alichotaka niseme, na nikakaa miaka tisa. Aibu yako iweke chini. Ninachokukasirikia ni miezi mitatu ya kimya. Kwa hilo nakukasirikia kweli, na nitaendelea kwa muda.

Lakini usije. Wakili wangu anasema nikishindwa labda miaka miwili, mitatu. Nitaimaliza. Jela nako wana mashuka, watahitaji mtu wa pasi. Wewe watakufunga maisha. Mama abaki na nani? Kaa na mto wako, vuta mikanda, nyamaza. Safari hii nakuomba mimi unyamaze.

Ni amri ya dada mkubwa.

Dada

20 Julai

Dada,

Askari wa zamu ameniahidi atakupa hii leo ukija kutia sahihi. Usimgombeze, ni mtu mwema, amenipa kiti na kalamu. Niko jengo hilo hilo, chini yako, mlango wa tatu baada ya ngazi. Nilisubiri jibu lako siku nane, nikaona nikiendelea kusubiri utaniambia nisije. Nakujua.

Nimewapa daftari lote. Wamelinganisha pale ukurasa ulipochanwa. Kwenye ukurasa wa chini yake kalamu ilikuwa imeacha alama za maneno yote, kwa sababu niliandika kwa kukandamiza, na kuna tone la damu mpaka kurasa nne. Wamemtafuta na mke wa mwalimu, bado ana ile leso. Afisa anasema kesi yako haitafika mbali. Kisha akaniuliza, "Na baada ya hapo?" Nikamwambia na yaliyofuata, kamba na kasia. Akaandika yote.

Vidole vinauma leo, mvua inakuja. Dirisha liko juu, naona ukingo wa bati na njiwa mmoja. Nimemwandika, na saa.

Mama nimemwambia nakwenda kukuona, akanipa foronya moja nikuletee, ile ya kulia, anasema uliitarizi vibaya na uirekebishe. Iko kaunta. Hana wa kumsomea sasa. Wakikuachia, usibaki hapa kunisubiri. Rudi nyumbani, keti naye, mvue miwani anayojivisha bure wakati kusoma hajui, umsomee barua zetu zote tangu ya Machi, na usiruke mstari.

Kinda